Ramani ya mimea vamizi, Malindi hadi Lamu: upite barabarani, usome setilaiti, urushe droni au uwaulize wenyeji?

Mathenge, mti wa kigeni wenye miiba, ukikomaa hutandaza matawi kwa upana wa mita tano hadi nane hivi. Pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ya setilaiti ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Kwa hesabu hiyo tu, nusu ya mabishano kuhusu njia ya kuchora ramani ya mimea vamizi yanakwisha. Mti uliosimama peke yake kando ya kisima hauonekani kwa setilaiti, na huo ndio unaofaa kung'olewa leo kabla haujazaa msitu. Msitu wenyewe, ule wa hekta mia kwenye bonde la mto, setilaiti huuona vizuri kuliko mtu wa miguu, maana mtu wa miguu hapenyi miiba ile.

Njia nne zinalinganishwa hapa kwa ukanda mmoja: Malindi na Magarini, delta ya Tana, Witu, Mpeketoni na Hindi, hadi visiwa vya Lamu. Mimea inayotumika kama kipimo ni minne: mathenge, mpungate (aina ya kakati), kichaka cha lantana na mwarobaini, ambao wengi pwani huuita mkilifi. Imechaguliwa kwa sababu kila mmoja huishinda njia fulani kwa namna yake.

| | Barabarani na simu | Setilaiti | Droni | Ripoti za wenyeji |
|---|---|---|---|---|
| Kidogo kabisa kinachoonekana | mche wa kimo cha goti | kichaka cha mita 30 kwa 30 | kichaka cha mita moja | chochote kilicho njiani mwa mtu |
| Eneo la siku moja | kilomita 100 hivi za barabara | kaunti nzima | hekta 80 hadi 150 | haipimiki |
| Huona chini ya miti mirefu? | ndiyo | hapana | mara chache | ndiyo |
| Hukosea wapi zaidi | yaliyo mbali na barabara | miti mingine ya kijani | upepo na kivuli | jina la mti na mahali ulipo |

Ujue kwanza unachokitafuta

Mathenge uliletwa pwani mwaka 1973 kupandwa kwenye machimbo ya Bamburi, na miaka ya 1980 ukapandwa Tana River na Baringo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu hatari. Mbegu zake husafirishwa tumboni mwa mifugo: ng'ombe na mbuzi hula maganda matamu, kisha mbegu hutoka na kinyesi zikiwa tayari kuota. Kwa hiyo ramani yake hufuata njia za mifugo, visima, mazizi na mito inayofurika. Atakayeutafuta ndani ya msitu mnene anapoteza siku.

Unaochanganywa na mathenge ni mgunga (akasia). Vunja kijiti ukitazame. Jani la mathenge hugawanyika katika jozi chache za vijitawi, kwa kawaida moja hadi nne, na kila kijitawi kina vijani vidogo vingi. Migunga mingi ya huku ina jozi nyingi zaidi ya hizo. Maua ya mathenge ni kama kidole cha manjano hafifu kinachoning'inia, ilhali maua ya migunga mingi ni vijipira. Ganda la mathenge likikauka huwa na rangi ya majani makavu, lina urefu wa kiganja au zaidi, na halipasuki lenyewe. Ukilikuta limepasuka na kumwaga mbegu mtini, huo si mathenge.

Mwarobaini una tatizo la aina nyingine, nalo ni la kijamii. Mti huu unapendwa: ni dawa, ni kivuli uani, ni boriti. Lakini ndege na popo hula matunda yake na kuangusha mbegu vichakani, ukajiotea pasipo mkono wa mtu. Ukiandika "mwarobaini upo" kwa kila mti ulio mbele ya nyumba, ramani yako itaonyesha kuwa Malindi mjini ndiko uvamizi ulikokithiri, jambo la kuchekesha. Kwenye fomu weka swali la lazima: *umepandwa* au *umejiotea*? Ufanye hivyo hivyo kwa mvinje. Swali hilo moja huokoa mikutano mingi ya baraza.

Lantana huota chini ya miti na kwenye kingo za msitu. Mpungate hukaa kwenye ua wa boma na makaburi ya zamani kabla haujatoroka. Kwa hii miwili setilaiti ni msaada mdogo sana, na hatutaurudia wimbo huo kila aya.

Barabarani na simu

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote na bado ndiyo inayobeba ramani nyingi za nchi nzima. Afrika Kusini walianza mradi wao wa atlasi ya mimea vamizi, SAPIA, mwaka 1994, chini ya Lesley Henderson, ambaye tangu 1979 alikuwa akipita barabarani kuorodhesha mimea. Kipimo chao ni mraba wa dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo. Kwetu karibu na ikweta, mraba huo ni kilomita 28 hivi kwa kila upande. Kenya nzima inahitaji yapata miraba 750, bila kuhesabu ile inayokatwa na mpaka. Kwa ramani ya taifa, kipimo hicho kinatosha. Kwa Lamu hakifai: Kisiwa cha Amu chote kingeingia ndani ya mraba mmoja na nafasi ikabaki, na mti mmoja wa Shela ungekipaka rangi kisiwa kizima. Kusanya data kwa nukta halisi, halafu uzikusanye kwenye miraba ya ukubwa wowote baadaye. Kinyume chake hakiwezekani.

Kwa ukanda huu tunapendekeza kusimama kila kilomita mbili. Malindi hadi Garsen ni kama kilomita 110, yaani vituo 55. Kila kituo dakika tano, ni saa nne na nusu na ushei. Ongeza saa mbili na nusu za kuendesha. Ni siku nzima ya kazi, watu watatu: dereva, mtazamaji wa kulia, mtazamaji wa kushoto. Anayeendesha asirekodi, huona lami tu.

Katika kila kituo, tembea mita 50 kila upande wa barabara, kisha ujaze fomu. KoboCollect na ODK, programu za simu za kujaza fomu, hufanya kazi bila mtandao na hutuma data mkirudi mjini. QField, programu ya ramani, ni bora kama timu inataka kuona ramani chini ya nukta palepale. Fomu isiwe ndefu. Mambo haya hayakosi:

- jina la mmea, la kuchagua kwenye orodha, si la kuandika kwa mkono. Ukiwaachia waandike, utapata "mathenge", "Mathenge", "prosopis" na "mathege", na kompyuta itahesabu mimea minne;
- kiwango cha kufunika ardhi kwa madaraja: hakuna, chini ya asilimia 1, 1 hadi 5, 5 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75, zaidi ya 75;
- umepandwa au umejiotea;
- hatua: mche, mti bila matunda, mti wenye matunda;
- picha tatu: mti mzima, jani likiwa juu ya kiganja ili ukubwa ujulikane, na ua au ganda.

Neno "hakuna" kwenye orodha hiyo ndilo linalosahauliwa na wengi. Timu husimama, haioni kitu, inapanda gari inaondoka. Mwaka wa tatu mtu akirudi akakuta mathenge pale, hakuna wa kusema kama umeingia juzi au ulikuwepo ukapitwa. Kituo kisicho na mmea kijazwe fomu kamili na kipigwe picha, sawa na chenye mmea.

Simu ya kawaida hukupa mahali kwa makosa ya mita tatu hadi kumi. Usibonyeze kuhifadhi hadi usahihi ushuke chini ya mita nane. Chini ya miembe subiri dakika moja zaidi au sogea uwazini. Jua la mchana hupasha simu hadi inazima kamera, hasa ikiwa imewekwa kwenye dashibodi. Iweke mfukoni, na beba betri ya akiba.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni barabara yenyewe. Barabara huleta mimea vamizi, kwa malori, mchanga wa ujenzi na mifugo inayopelekwa sokoni, kwa hiyo ukipima kando ya barabara peke yake utakuza tatizo. Dawa yake ni kila kilomita kumi kuingia ndani kwa miguu mita 500 moja kwa moja kutoka barabarani, ukirekodi kila mita 100. Inachosha na inachelewesha, lakini bila hiyo hutajua kama mathenge umekaa kwenye mtaro tu au umeenea hadi malishoni.

Kisha kuna suala la usalama. Barabara ya Lamu imewahi kuwa na misafara inayosindikizwa na polisi. Kusimama kila kilomita mbili na kupiga picha, hasa karibu na kambi, si jambo la kuanza kabla ya kuzungumza na ofisi ya kamishna wa kaunti na machifu wa sehemu zote mtakazopita. Barua iwe ndani ya gari, nakala zaidi ya moja.

Setilaiti

Picha za Sentinel-2 ni za bure. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo huo ilirushwa 2015, ya pili 2017, na mbili zikifanya kazi pamoja mahali hupitiwa kila siku tano. Landsat, mfululizo mwingine wa setilaiti, ina picha za mita 30 tangu miaka ya 1980, kwa hiyo ukitaka kujua bonde lilivyokuwa kabla mathenge haujaenea, hiyo ndiyo kumbukumbu uliyo nayo.

Siri ya mathenge ni kiangazi. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma na nyasi zikiwa zimekauka, mathenge hubaki kijani. Tofauti hiyo ndiyo setilaiti inayoikamata. Ukichukua picha za Mei, masika yakiwa yamekolea, kila kitu ni kijani na ramani yako haina maana. Miezi hiyo mitatu ya kiangazi ina mapito kama 18. Hata nusu yakiwa na mawingu, yanabaki ya kutosha kutengeneza picha moja safi kwa kuchukua thamani ya kati ya kila pikseli.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye Google Earth Engine, ambayo haitozi matumizi yasiyo ya kibiashara na haikulazimu kupakua picha, au kwenye programu ya ramani ya QGIS kwa laptopu ya RAM ya GB 8 kwenda juu. Ukipakua mwenyewe, jiandae kwa gigabaiti moja hivi kwa kila picha ya kilomita 110 kwa 110, na bando la simu litakwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Hatua kwa ufupi: chuja picha zenye mawingu chini ya asilimia 20, ondoa mawingu na vivuli vyake, tengeneza picha ya kiangazi na nyingine ya masika, kisha ongeza tofauti ya ukijani kati ya hizo mbili kama tabaka la ziada. Tumia bendi (rangi za mwanga ambazo setilaiti hupima) za mita 10 pamoja na zile za mita 20 za ukingo wa wekundu na mawimbi mafupi ya infraredi. Hizo za mwisho ndizo zinazosaidia kutenganisha miti yenye majimaji na isiyo nayo. Ipe mashine ya kuainisha, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye mifano, kwa kawaida ile inayokusanya kura za miti mingi ya maamuzi, nukta za mfano zisizopungua 100 kwa kila kundi.

Makundi ndiyo mahali kazi inapoharibika. Wengi huweka mawili, "mathenge" na "si mathenge", na matokeo yake mashine huita mathenge kila kitu cha kijani. Kwa ukanda wetu yawe angalau saba: mathenge, msitu wa kando ya mto, mikoko, miti ya shamba (maembe, korosho, minazi), vichaka vya nyika, ardhi tupu pamoja na majengo, na maji. Mikoko iondoe mapema kwa kutumia ramani yake iliyopo, kwa sababu nayo ni kijani mwaka mzima. Mathenge unaostahimili chumvi unaweza kukaa nyuma tu ya mikoko, na hapo pikseli moja huwa na vyote viwili. Pale hakuna ujanja. Nenda kwa miguu. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu na huelezea umbo la vichaka, lakini peke yake haijui kijani kipi ni kipi.

Nukta ya mfano ichukuliwe katikati ya kichaka kisichopungua mita 30 kwa 30, kilichojaa mathenge mtupu. Nukta za barabarani za njia ya kwanza hazifai kufundishia setilaiti moja kwa moja: mrekodi alisimama ukingoni, na pikseli yake ni nusu lami.

Sasa hakiki. Asilimia 30 ya nukta zitengwe, lakini zitengwe kwa maeneo, si kwa bahati nasibu. Ukichanganya nukta za kijiji kimoja pande zote mbili, unamfanyia mwanafunzi mtihani wa maswali aliyoyaona jana, na usahihi hupanda bila sababu. Mfano wa kusoma matokeo: tuseme nukta za kuhakiki za mathenge ni 60, na ramani imepata 48. Umeona asilimia 80 ya mathenge uliopo. Lakini tuseme pia ramani imeita mathenge nukta 70 kwa jumla, na za kweli ni zile 48. Mtu akitumwa na panga kwenye sehemu iliyopakwa rangi, karibu mara tatu katika kila kumi atakuta mwembe au mti wa mtoni. Andika namba zote mbili kwenye ramani. Ile namba moja ya "usahihi wa jumla" hupendeza kwenye ripoti kwa kuwa maji na ardhi tupu huipandisha.

Ukubwa wa eneo pia usiupate kwa kuhesabu pikseli na kuzidisha. Makosa hayo hayo yaliyoonekana kwenye uhakiki lazima yatumike kurekebisha jumla.

Kwa gugumaji, ambalo halimo katika mimea yetu minne, hadithi ni tofauti, na ni nzuri. Linaelea juu ya maji, halina kinachofanana nalo pale, na husogezwa na upepo, hivyo kupitiwa kila siku tano ni faida kubwa. Watu wa Malindi wasidhani hilo ni la Kisumu tu: gugumaji la Bwawa la Nairobi limo kwenye mfumo uleule wa maji, Athi hadi Galana, unaomalizikia Sabaki.

Droni

Picha za droni zinavutia wafadhili. Kwa ramani ya kaunti hazifai, na hesabu ni fupi. Droni ndogo ikiruka mita 100 juu na picha zikipishana kwa asilimia 75, betri moja huchukua hekta 20 hivi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya kilomita za mraba 6,000, yaani hekta 600,000. Hizo ni betri 30,000.

Droni ina kazi mbili tu hapa, na kwa hizo ni bora kuliko zote. Moja ni kuchora ukingo wa kichaka kinachojulikana, ili mwakani uone kimesogea mita ngapi. Ya pili ni kupata nukta za kufundishia setilaiti mahali pasipopenyeka. Ruka asubuhi na mapema kabla upepo wa bahari haujaamka, lakini si mapema mno. Jua likiwa chini vivuli virefu hufanya mpungate usionekane. Miezi ya kusi ni migumu. Weka alama nne au tano ardhini, mabati yaliyopakwa rangi ya msalaba, na upime mahali pake. Bila hizo picha ya mwaka huu na ya mwakani hazitalala mahali pamoja, na "msogeo" utakaouona utakuwa wa GPS ya droni.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ni lazima, na karibu na viwanja vya ndege vya Malindi na Manda usiruke bila idhini. Upande wa Lamu ongeza idhini ya usalama. Mara nyingi karatasi hizo huchukua muda mrefu kuliko ruko lenyewe, na kiangazi hakisubiri.

Ripoti za wenyeji

Njia hii ndiyo ya bei nafuu na ndiyo pekee inayogundua mmea siku unapoingia. Mchungaji huona mti mgeni kabla ya mtaalamu yeyote. Tatizo ni majina. Ukiuliza barazani "mathenge uko wapi?", kila mti wa miiba utakuwa mathenge. Beba tawi lenye ganda, liweke mezani, uulize: "Wazee, huu mwauitaje, na mwauona wapi?" Andika jina watakalolitaja kama lilivyo, la Kigiriama, Kiorma au Kiamu, na tawi ulilowaonyesha. Baada ya baraza tatu utakuwa na orodha ya majina inayofaa kuliko kitabu.

Kwa picha, jambo dogo huharibu kila kitu: WhatsApp ikituma picha kama picha hufuta mahali ilipopigwa. Mwambie mtumaji atume kama faili, au atume "mahali nilipo" mara baada ya picha akiwa bado amesimama pale pale. Akituma jioni akiwa nyumbani, utapata ramani ya nyumba za watumaji. Programu ya iNaturalist huhifadhi mahali na tarehe yenyewe na huwapa watambuzi wa mbali nafasi ya kuthibitisha, ila inahitaji simu yenye nafasi na mtu asiyechoka kuandika nenosiri.

Ripoti za wenyeji hazisemi "hakuna". Kimya cha kijiji kinaweza kumaanisha hakuna mmea, hakuna mtandao au hakuna aliyejali. Usikipake rangi nyeupe kwenye ramani, kiache kijivu.

Mmea ambao hakuna aliye na hakika nao uchukuliwe sampuli: tawi lenye ua au tunda, nakala mbili, ndani ya gazeti na chini ya uzito. Kwa unyevu wa pwani badilisha gazeti kila siku kwa wiki nzima, la sivyo kuvu hufika kabla ya sampuli kufika. Kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kiko Gede. Hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa iko Nairobi.

Nukta zinapohama

Makosa mawili hujirudia katika njia zote. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, nukta ya Malindi, 3.22 kusini, 40.12 mashariki, huruka hadi upande wa Takaba, Mandera. Ukizibadilisha nafasi latitudo na longitudo, shamba la kijiji cha Ganda, Malindi, hutokea Uhispania, si mbali na Madrid. Hayo yanaonekana mara moja, na yanachekesha. La hatari ni la tatu, lisilochekesha: ramani za zamani za 1:50,000 zinatumia mfumo wa kupimia latitudo na longitudo wa Arc 1960, simu inatumia WGS84, na kati yake kuna tofauti ya mita 300 hivi. Mti unahama kutoka ukingo huu wa mto hadi ule na hakuna anayeshtuka. Andika mfumo kwenye jina la faili lenyewe.

Jina nalo huhama. Mathenge, kitaalamu Prosopis juliflora, sasa umewekwa kwenye jenasi ya Neltuma tangu 2022. Ukitafuta kumbukumbu za zamani kwenye hifadhidata, tafuta kwa majina yote mawili.

Nani achukue ipi

Ofisi ya kaunti ambayo haina data yoyote ianze na barabara. Siku tano za gari moja kutoka Malindi hadi Mokowe, pamoja na matawi ya kwenda Marafa na Mpeketoni, zitatoa msingi ambao setilaiti haiwezi kuutoa, kwa sababu zitahusu mimea yote minne. Setilaiti ifuate Januari inayokuja, kwa mathenge tu, ikitumia vichaka vikubwa vilivyopatikana barabarani kama mahali pa kwenda kuchukua nukta za kati.

Ranchi au kikundi cha malisho upande wa Tana kiruke barabara kabisa. Kinajua mathenge uko wapi. Kinachotaka kujua ni kama unasogea. Droni mara moja kwa mwaka, wiki ileile ya Februari, kwenye kingo tatu au nne.

Mwanafunzi mwenye laptopu na asiye na nauli atavutwa na setilaiti, na hatumlaumu. Ila bila siku kumi za uwandani, ramani yake itakuwa ramani ya kijani.

Walinzi wa msitu, kama wale wa Arabuko-Sokoke, hawana haja ya picha ya angani kwa lantana. Njia zao za doria tayari ni mistari ya kupimia: simu moja yenye fomu, kituo kila mita 500, "hakuna" ikiandikwa.

Na kwa visiwani, gari halina kazi. Chukua boti, pita pwani kwa mwendo wa polepole mita 50 kutoka ufukweni, shuka kwenye kila gati, kisima na gofu. Jedwali la maji kujaa na kupwa liwe mkononi kabla ya kupanga siku: Mkanda, kati ya Manda na bara, hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa upande wa Pate, utangoja maji, na simu itakuwa imebaki na asilimia nne.